Barua Zenu: Mbona dereva anafungwa na mkurugenzi anaachwa?

*Mama, nakusalimu. Mimi ni dereva wa matatu, njia ya Nakuru hadi Nairobi, huu mwaka wa 14. Mwenzetu wa stendi moja alipata ajali mwaka jana, breki zikakataa mteremkoni, abiria wawili wakafa. Alikuwa amemwambia mwenye gari mara mbili kwamba breki zimeisha. Aliambiwa alete hesabu kwanza, gari litaingia gereji Jumapili. Sasa yeye ndiye yuko kortini na mwenye gari ameshanunua gari lingine. Novemba nikasikia redioni kwamba kesi ya Boeing huko Marekani imefutwa, ile ya ndege iliyoanguka Ethiopia ikija kwetu. Nikajiuliza: wale wakubwa walifungwa? Ama sheria ni ya madereva peke yao?*
*Dereva, Nakuru*

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Mfikishie mwenzako pole zangu, na familia za wale abiria wawili pia. Nikujibu bila kuzunguka: hakuna mkurugenzi yeyote wa Boeing, kampuni ya Marekani inayotengeneza ndege, aliyefungwa, wala aliyeshtakiwa kwa jinai, kwa ajili ya ndege zile mbili zilizoua watu 346. Aliyesimamishwa mbele ya juri ni mtu mmoja, naye alikuwa rubani. Mtu wa usukani, kama mwenzako.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu Jumapili ile ya tarehe 10 Machi 2019. Nilikuwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kumpokea mdogo wangu aliyekuwa anatoka Dar es Salaam. Watu walisimama pale wanapotokea wasafiri, simu mkononi, kila mmoja akimuuliza jirani asiyemjua kama amesikia lolote. Ndege nambari 302 ya Ethiopian Airlines ilikuwa imeruka Addis Ababa saa mbili na dakika 38 asubuhi, na dakika sita baadaye ikajichimbia ardhini karibu na Bishoftu ikiwa na watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Miezi mitano nyuma, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina ileile, 737 MAX, ya shirika la Lion Air, ilikuwa imetumbukia baharini karibu na Jakarta na watu 189. Kiini kilikuwa kimoja. Ndani ya ndege hizo mna programu iitwayo MCAS, ambayo husukuma pua ya ndege chini bila rubani kuamuru. Pembe ya ndege ilipimwa na vihisi viwili, kimoja kila upande, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu. Kile kimoja kikisema uongo, programu inaamini na kuikandamiza ndege, rubani anainua, nayo inakandamiza tena. Fikiria gari linalojipiga breki lenyewe kwenye barabara kuu kwa sababu geji moja imeharibika, na hakuna aliyekuambia kwamba gari lina tabia hiyo.

Maana marubani hawakuambiwa. MCAS haikuelezwa kwenye kitabu chao. Na hapa ndipo ilipo ile "lete hesabu kwanza" ya Boeing. Walikuwa wanakimbizana na Airbus, mshindani wao wa Ulaya, wakaiuza MAX kwa ahadi kwamba rubani aliyezoea 737 ya zamani hatalazimika kurudi kwenye simuleta, ile mashine ya kujifunzia urubani chini. Mafunzo hayo ni ghali na yanamweka rubani nje ya kazi. Shirika la ndege la Southwest liliahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo mafunzo ya simuleta yangehitajika. Basi kila neno ambalo lingemfanya mkaguzi wa serikali aseme marubani wafunzwe upya, lilikuwa na bei yake tayari.

Ya kabla ya Lion Air, mtu anaweza kujitetea kwamba hakujua. Ya baada yake yananisumbua zaidi. Desemba 2018 wataalamu wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, walipiga hesabu kwamba bila marekebisho ndege hizo zingeweza kuanguka zaidi ya mara 15 katika maisha yao yote ya kazi. Zikaachwa ziruke, kampuni ikiahidi kuirekebisha programu. Mwezi mmoja baada ya ajali ya Lion Air, Boeing ilitoa taarifa kwa umma kwamba MAX ni salama sawa na ndege yoyote iliyowahi kuruka. Mwaka 2022 tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani ilisema taarifa za aina hiyo ziliwapotosha wawekezaji, kwa kuwa ndani ya kampuni walishaona kwamba MCAS ni tatizo la usalama. Kampuni ikalipa dola milioni 200. Aliyekuwa mkurugenzi mtendaji, Dennis Muilenburg, akalipa dola milioni 1, bila kukiri wala kukana. Alipoondolewa Desemba 2019 alikuwa ametoka na hisa na pensheni za takriban dola milioni 62.

Angalia pia hiyo kesi ilihusu nani. Ilihusu wawekezaji waliopotoshwa. Waliokufa hawakuwa wawekezaji.

Kesi ya jinai ilikuwa nyingine, ile uliyoisikia redioni. Januari 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani na Boeing walikubaliana kuahirisha mashtaka ya kula njama ya kuidanganya serikali. Jumla ilikuwa dola bilioni 2.5, lakini bilioni 1.77 katika hizo zilikwenda kwa mashirika ya ndege yaliyopata hasara, milioni 500 kwenye mfuko wa familia, na faini yenyewe ya jinai ilikuwa milioni 243.6. Katika kuutangaza mkataba huo Wizara ikaandika kwamba kosa halikuenea kampuni nzima, halikufanywa na watu wengi, wala halikuwezeshwa na viongozi wa juu. Uongo ukawekwa mabegani mwa marubani wawili wa kitengo cha kiufundi. Mmoja wao alishtakiwa Oktoba 2021. Mawakili wake walisema anatolewa kafara kwa makosa ya wakubwa, na Machi 2022 juri ya Fort Worth, Texas, ikamwachilia huru. Sina neno na juri ile.

Familia hazikuwa zimeulizwa chochote kabla ya mkataba kutiwa saini. Baba mmoja Mkenya, aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe wake katika ndege 302, alikwenda kusema mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Julai 2019. Yeye na wengine hawakunyamaza, wakaenda hadi mahakamani Texas. Mwaka 2022 Jaji Reed O'Connor akakubali kwamba kisheria waliokufa ni wahanga wa kosa la jinai, na mwaka uliofuata akaandika kwamba kosa hilo linaweza kuitwa ovu la kampuni lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Ila alisema hana mamlaka ya kuufungua mkataba. Mengine yalikuwa vuta nikuvute: Boeing ikakubali kukiri kosa mwaka 2024, jaji akaukataa mkataba huo Desemba, na Mei 2025 serikali ikageuka ikasema haitashtaki kabisa. Kampuni ingelipa na kuwekeza zaidi ya dola bilioni 1.1. Novemba ndiyo hiyo uliyoisikia. Jaji aliifuta kesi huku akisema wazi kwamba hakubaliani na sababu za serikali.

Sasa uliuliza kama sheria ni ya madereva peke yao. Nikwambie nilichokiona mwenyewe. Kwa miaka 27 nilikuwa katibu wa kampuni, mtu anayekaa pembeni ya meza ya bodi akiandika kumbukumbu za kikao. Nimeona jinsi habari mbaya inavyopanda ngazi. Fundi chini anasema, "Hii itaua mtu." Msimamizi wake anaandika kwamba mtambo unahitaji matengenezo ya haraka. Meneja anaandika kwamba suala linafuatiliwa. Ikifika kwenye makabrasha ya bodi, ukurasa wa 46, inasomeka: "Hali ya mitambo: ya kuridhisha." Kila aliyeandika anaweza kuapa kwamba hakusema uongo. Kisha mtu anakufa, mwendesha mashtaka anakuja, na sheria inamtaka athibitishe kwamba mkubwa alijua. Anafungua kabrasha, anakuta mkubwa aliambiwa hali inaridhisha.

Ndiyo maana wakubwa waliofungwa mara nyingi ni wale waliokuwa karibu na kazi yenyewe. Stewart Parnell alikuwa na kampuni ndogo ya karanga iliyosambaza bidhaa zenye vijidudu vya salmonela Marekani mwaka 2008 na 2009. Watu tisa walikufa. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa barua pepe kwamba mzigo utumwe tu, hawezi kumpoteza mteja mwingine. Mwaka 2015 alihukumiwa miaka 28. Don Blankenship aliongoza kampuni kubwa ya makaa ya mawe, Massey Energy, na mgodi wake wa Upper Big Branch, West Virginia, ulilipuka tarehe 5 Aprili 2010 ukaua wachimbaji 29. Huyu alikuwa akiletewa ripoti ya uzalishaji wa mgodi ule kila nusu saa, na alikuwa na desturi ya kurekodi simu zake kwa siri. Rekodi hizo zikachezwa mahakamani. Hata hivyo juri ilimpata na kosa dogo tu, kula njama ya kukiuka kanuni za usalama: mwaka mmoja jela na faini ya dola 250,000. Watu 29, mwanangu.

Marekani wana hukumu moja ambayo laiti ingetumiwa zaidi. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilithibitisha hatia ya John Park, rais wa maduka ya Acme, kwa sababu ya panya kwenye ghala la vyakula huko Baltimore. Park alijitetea kwamba kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na kazi ya panya alikuwa amewakabidhi wengine aliowaamini. Mahakama ikasema kwa mambo ya chakula cha watu, mwenye mamlaka ya kuzuia madhara ana wajibu wa kuyatafuta na kuyazuia, na asipofanya hivyo ana hatia hata kama hakushika panya kwa mkono wake. Faini ilikuwa dola 250 kwa jumla, lakini kanuni ile ni nzito kuliko mabilioni ya Boeing. Inamwondolea mkubwa faida ya kutojua. Sioni kwa nini iwe kwa ghala la chakula na isiwe kwa ndege, bwawa, feri au basi, kwao na kwetu.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu Boeing ambacho ni wachache waliokizungumza, na kwangu mimi, kwa kazi niliyofanya, ndicho kiini. Wenyehisa waliwashtaki wakurugenzi wa bodi huko Delaware. Mahakama ilipitia kumbukumbu za vikao, kazi yangu ile, na Septemba 2021 ikaruhusu kesi iendelee kwa sababu zilionyesha kwamba bodi ya kampuni inayotengeneza ndege haikuwa na kamati ya usalama wa ndege. Usalama haukuwa hata jambo la kudumu kwenye ajenda. Nilipoisoma hukumu ile niliinuka kitini nikatoka nje. Nimeandaa ajenda mamia. Ajenda ndiyo inayosema kampuni inaogopa nini. Kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 237.5, zikalipwa na kampuni za bima. Hakuna mkurugenzi aliyeingiza mkono mfukoni mwake.

Turudi kwa mwenzako. Kwa Sheria ya Barabarani ya Kenya, kifungu cha 46, anaweza kupata hadi miaka 10, kwa hiyo msikae. Yale maneno mawili kwa mwenye gari aliyasema vipi? Kama ni kwa simu au WhatsApp, simu hiyo isiuzwe, isitengenezwe, isiazimwe, wakili aione kesho. Kama ni kwa mdomo, nani alikuwapo? Makanga? Fundi wa gereji aliyetazama zile breki ana risiti au daftari? Mwambieni wakili aulize waziwazi kwa nini mwenye gari hajashtakiwa kwa kuliachia gari bovu litembee. Na kama gari liko kwenye sako, uongozi wa sako nao uulizwe nani alilikagua mara ya mwisho.

Na nyinyi mliobaki stendi: kuanzia leo breki ikiisha, usimwambie tajiri kwa mdomo. Mwandikie. "Breki za nyuma zimeisha, nimesimamisha gari." Ujumbe una tarehe na saa. Akijibu leta hesabu, ameandika kwa mkono wake. Najua unaweza kupoteza gari kesho yake akampa mwingine, na sikuombi uchukulie hilo kuwa jambo dogo, una watoto. Ndiyo maana fanyeni stendi nzima, siku moja, madereva wote, asije akabaki mmoja wa kunyooshewa kidole.

*Shikamoo Mama. Nina miezi minane kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Tanga, ninaandika mihutasari ya vikao. Kikao kilichopita injinia alieleza kuhusu kutu kwenye matangi ya mafuta. Meneja mkuu ameniambia niitoe ile aya kwa sababu "haikuwa kwenye ajenda." Yeye ni mtu mwema kwangu, ndiye aliyeniajiri. Nifanye nini?*
*Msichana wa Tanga*

Marahaba mwanangu. Usiitoe.

Mimi niliwahi kuitoa. Kilikuwa kiwanda, sitakitaja. Injinia alizungumza kwenye kikao kuhusu vali ya boila iliyokuwa inashika, dakika kama kumi. Mkurugenzi wetu aliniita baadaye ofisini, akaagiza chai, akaniambia wenyehisa wanakutana baada ya wiki sita na hapendi wasome mambo ya boila nusu nusu. Nikaandika: "Taarifa ya ufundi ilipokelewa." Maneno manne. Miezi mitatu baadaye mvuke ulimchoma kijana wa zamu ya usiku, mikono yote miwili na kifua. Uchunguzi ulipokuja, kumbukumbu zangu zilisema bodi ilipokea taarifa ya ufundi. Taarifa gani, haikujulikana. Aliyefukuzwa ni msimamizi wa zamu. Yule kijana alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Nilikwenda kumwona hospitalini nikiwa na machungwa. Hakujua mimi ni nani, na mimi sikumwambia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mjibu meneja kwa barua pepe, kwa adabu yako yote: aya inaeleza jambo lililosemwa kikaoni, na kama ina makosa, wajumbe wataisahihisha watakapothibitisha mihutasari kwenye kikao kijacho, mbele ya injinia. Huo ndio utaratibu, hujamkosea heshima. Jambo kutokuwa kwenye ajenda hakulifanyi liwe halikusemwa. Liandike chini ya "mengineyo." Sheria ya Makampuni ya 2002 ya kwenu Tanzania inaitaka kampuni iweke kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi, na zikishatiwa saini na mwenyekiti huwa ni ushahidi. Hifadhi rasimu yako ya kwanza na daftari uliloandikia kikaoni, usirarue ukurasa. Usizipeleke nje ya ofisi wala kuzionyesha rafiki, hilo litakupa wewe kosa. Mwombe injinia naye alete taarifa yake kwa maandishi, na kwa kikao kijacho uweke kwenye rasimu ya ajenda: "Hali ya matangi." Mwenyekiti akiifuta, aifute kwa kalamu yake.

Umesema meneja ni mtu mwema kwako. Wangu pia alikuwa mwema, aligharamia masomo ya mwanangu wa kwanza mwaka mzima. Jibu lako kwake liende wiki hii, kabla mihutasari haijasambazwa, na uniandikie alisema nini.